Ng'ombe wa Limi

Shibuda aliporudi kutoka vitani Uganda, kijiji kizima kilimpigia ngoma, naye mke wake Limi akalia. Watu wakadhani ni machozi ya furaha. Watu bwana! Miezi yote mume alipokuwa huko na mgambo wenzake, Limi alinenepa, akaimba shambani, akasahau hata jino lililong'olewa kwa ngumi. Ngoma haijapoa vizuri, akadandia lori la mahindi kutoka Biharamulo mpaka Ngara, kwenye shule ya sekondari alikofundisha mdogo wake, Petronila. Jicho moja lilikuwa limevimba likafumba.

"Nimetoka," alisema. "Sirudi tena."

Petronila alimkanda kwa maji ya chumvi, huku akijua kinachofuata. Kwao Wasukuma, mke akimwacha mume, mahari hurudi. Kila mtoto aliyemzalia hupunguza idadi, na Limi hakuzaa hata mmoja. Kwa hiyo ng'ombe walitakiwa wote kumi na wawili, siku moja, wakitembea kwa miguu yao. Wala hawakuwapo. Petronila alikuwa amewala.

Ndiyo, aliwala. Alipokosa nafasi ya shule ya serikali, baba yao Bulugu alimwoza Limi, kisha akauza mahari yake ng'ombe mmoja mmoja kulipa ada ya shule ya masista. Huyu akawa ng'ombe wa kidato cha kwanza, yule wa sare na sanduku, mpaka zizini ikabaki samadi tupu. Chuo kikuu alisomeshwa na serikali, na serikali nayo haikuzaliwa jana: ilimtilisha saini aitumikie miaka mitano popote itakapompeleka. Ndivyo alivyoipata digrii ya baiolojia, akawa anawaeleza watoto wa vijiji vya Bugarama na Bukiriro jinsi tumbo la ng'ombe lilivyogawanyika vyumba vinne. Ng'ombe mwenyewe hakuwa naye.

Aliupima mshahara wake kila upande. Baada ya vita hata sabuni ilipita mlango wa nyuma, kwa bei ya mlango wa nyuma. Akijinyima sana angepata ng'ombe mmoja kwa mwaka. Kiwanda kimoja cha Mwanza kilikuwa tayari kumlipa zaidi, lakini mkuu wa shule alimkumbusha ile saini. Kwa mwendo huo Limi angeachika akiwa bibi kizee.

Shule zilipofungwa, dada na mdogo wake wakaenda kwa baba yao. Wazee walikuwa wameshakaa, na Shibuda amepewa kigoda kizuri kuliko vyote. Nani angemgombeza mtu aliyeipigania nchi? La jicho hakuna aliyeuliza. Shibuda alisema kwa upole kabisa kwamba yeye hana ugomvi na mtu. Ng'ombe waje, mwanamke aende.

Hapo Bulugu akamvuta Petronila nyuma ya nyumba, uso umemng'aa. Kumbe Protasi, mtunza ghala la ushirika, mjane mwenye watoto wakubwa, alikuwa ameleta posa. Ng'ombe ishirini, kwa sababu ya digrii.

"Kumi na wawili wamkomboe dada yako, wanane wabaki zizini," alisema mzee. "Mwanangu, kile kisomo sasa kimezaa."

Miaka yote Petronila aliambiwa shule itamtoa zizini, na leo shule hiyohiyo ndiyo iliyompandisha bei. Protasi hakumpenda hata kidogo. Lakini angekataa kwa mdomo upi, huu uliokula ng'ombe wa dada yake? Akasema, "Sawa, baba."

Bulugu akarudi kuwatangazia wazee. Limi, aliyekuwa amekaa chini kando ya ghala, aliomba yale maneno yarudiwe. Yaliporudiwa akasimama, akakaza khanga kiunoni.

"Mimi niliolewa ili wewe usome," alimwambia Petronila mbele ya wote. "Wewe ukiolewa ili mimi niachike, basi mimi niliolewa bure."

Akachukua kifurushi chake, akawapita wazee, akamwambia Shibuda twende. Wazee walishusha pumzi. Mmoja akasifu kwamba huyo ndiye mwanamke, mwanamke ni subira, na Petronila alitamani kumrushia kigoda. Alimkimbilia dada yake akamshika mkono, akilia kama mtoto. Limi alimbandua taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Shule inafunguliwa Jumatatu," alisema. "Usichelewe."

Hakuchelewa. Alifundisha Jumatatu hiyo na Jumatatu zote zilizofuata. Protasi alipata mke mwingine kwa ng'ombe wachache zaidi. Kila mwaka Petronila alipeleka mtamba mmoja kwa baba yake na kumwapisha asimuuze. Mmoja aliumwa na ndorobo, akafa.

Miaka mitano ya serikali ilipotimia, mkuu wa shule alimwita ofisini, akampa mkono na kumwambia kwamba deni lake limekwisha, sasa ni mtu huru, aende anakotaka. Kile kiwanda cha Mwanza kilikuwa kimeshaajiri mtu mwingine. Petronila alimshukuru mkuu, akaomba abaki. Zizini kwa baba yake walikuwa wamefika ng'ombe wanne kati ya wale kumi na wawili.