Fungu la Mwisho la Majani

Mkuu wa maabara alikuwa mama mmoja asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi, na hata baada ya saa nne alicheka kwa kupima. Jumamosi ile alisimama nyuma ya Kitinda, akayatazama majibu kwenye kompyuta, akaguna.

"Mazuri. Lakini mara mbili si kitu, mwanangu. Nataka ya tatu, kutoka fungu lilelile la majani, kabla ripoti haijatoka Jumatatu. Ukikosa, mstari huu naufuta."

Kitinda alikuwa kitindamimba wa kwao, na jina likamganda mpaka kazini. Na mstari wenyewe, jamani, haukuwa wa kufutwa! Maji ya yale majani yalitiwa kwenye kimiminika cha zambarau, na zambarau ikafifia ikawa manjano mbele ya macho yake. Maana yake yanazima zile kemikali kali zinazouchakaza mwili kama kutu inavyokula bati. Wakajaribu tena kwa kimeng'enya kile kinachovunja wanga kuwa sukari, nacho kikatulia tuli kama mkwe ukweni. Majani ya mmea uleule yaliyonunuliwa sokoni hayakufikia hata nusu ya nguvu hiyo.

Haya yalikuwa ya mama yake. Aliyapanda mwenyewe, akayachuma, akayakausha, kisha akafariki. Kichaka nacho hakikumaliza mwaka, maana mafundi walipitisha bomba la maji machafu nyuma ya nyumba wakaking'oa bila hata samahani. Sasa nguvu ile ilitoka kwenye udongo au kwenye ukaushaji, nani ajuaye? Yaliyobaki duniani yalikuwa ndani ya kopo moja, jikoni kwa baba.

Akamkuta baba kwenye cherehani karibu na dirisha, miwani kaipandisha kwenye paji la uso na bado anaitafuta mezani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Leo daktari wa mirija kakumbuka kwao? Au umekosea mtaa?"

"Nimekuja na shida, baba."

"Najua. Mwenye raha hupiga simu."

Akamweleza. Mzee alisikiliza huku akiviringisha uzi kidoleni, akiufungua na kuuviringisha tena.

"Unayataka yote?"

"Yote. Yakipungua hayatoshi kupima."

"Na mkishapima?"

Kitinda alitamani swali hilo lisiulizwe. "Yanamwagwa."

"Haya. Chukua," baba akasema. "Mama yako angetamba mtaa mzima. Dawa yake kuandikwa na wasomi? Tusingepata usingizi hapa."

Akageukia cherehani yake. Lakini mguu uliokaa juu ya kanyagio haukukanyaga.

Jikoni, Kitinda alilishusha kopo. Kwa mazoea ya kazi akalifungua kwanza, asije akabeba ukungu. Majani hayakuwa na ukungu. Harufu ndiyo iliyompata, kavu, yenye ukali wa kupaliza, ikamshika mpaka akaegemea sinki.

Ile dawa wao watoto waliiita Adabu. Ukikohoa, Adabu. Tumbo likikusokota, Adabu. Ukimjibu mtu mzima vibaya, basi hiyo unapewa na kikombe cha pili. Kaka mkubwa aliwahi kupona homa kwa kuona tu sufuria inatengwa jikoni. Na mama yao, ambaye tangu alfajiri alikuwa mguu na njia, anafua, anapika, anagombana na muuza mkaa, hapo ndipo alipokaa. Alivuta kigoda, akaweka mikono mapajani, akakutazama. Hakuinuka mpaka ukigeuze kikombe aone hakidondoshi hata tone. Loo, mama! Kitinda alimkumbuka hata vidole vilivyochujuka kwa sabuni.

Akatia maji sufuriani, akawasha jiko. Kisha akapiga simu.

"Mkuu, ufute ule mstari."

"Kwani majani yameoza?"

"Hapana. Mazima kabisa. Tunayanywa. Mimi na baba."

Alimsikia mkuu akivuta pumzi ya kumsomea mtu risala, kisha akaiachia.

"Unajua hatutayapata tena majibu kama yale?"

"Najua."

"Haya," mkuu akasema taratibu. "Nitaandika haikuthibitishwa."

Iliuma, tena sana. Miezi ya kazi ilikwenda na neno hilo moja. Hata hivyo akayamimina majani yote ndani ya maji, akakung'uta na kopo.

Baba akaja akifuata harufu. "We mtoto! Si ulisema ni ya kazini?"

"Kaa, baba."

Wakakaa, kila mmoja na kikombe chake. Baba akapiga funda moja, uso ukamkunjamana wote.

"Lahaula! Hiki kitu hakijapata huruma hata kidogo."

"Kumbe hukuipenda?"

"Nani mwenye akili zake aipende?"

"Mbona ulikuwa unainywa kila wiki? Mara mgongo, mara jino, mara kizunguzungu."

Mzee akakitazama kikombe chake, akatabasamu kwa haya kama bwana harusi.

"Mgongo wangu mzima, mwanangu. Jino pia. Ila mama yako ungemwambia akae kidogo mpige soga, angekaa? Mwanamke yule hata kiti kilikuwa hakimjui. Lakini ukiumwa, alikaa."

Kitinda akacheka, na kicheko kikageuka kilio, kile kilichogoma kutoka siku ya mazishi. Baba hakumwambia nyamaza. Alimpa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye ushonaji, akamwacha alie.

Baadaye wakaendelea kunywa, vifunda vidogo vidogo. Dawa ilikuwa imeshapoa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumaliza.