Rangi ya Kunywa

Babu Brashi alikuwa hali majani. Hakuyala ujanani, hakuyala alipooa, na sasa mvi zilipomfika mpaka kwenye nyusi hakuona sababu ya kuanza. "Majani nayapaka ukutani," alikuwa akisema, huku akiisukuma sahani ya mboga kwa kidole kimoja. "Siyali."

Kwa miaka arobaini alikuwa amepaka nyumba, mageti, mabango ya maduka na kuta za shule, na hakuna aliyemuuliza anakula nini. Mpaka siku aliyoshikwa na kizunguzungu akiwa kwenye kipandio cha tano cha ngazi yake. Hakuanguka. Aliikumbatia ngazi kama mke aliyerudi safari, akashuka polepole, akakaa chini. Mkwe wake, mama wa mjukuu wake wa pekee, ndiye aliyemshika mkono mpaka zahanati.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ndogo na amri kubwa. Alisema damu ya mzee imepungua. Akampa vidonge, akamwambia ale mboga za majani na matunda kila siku, arudi baada ya wiki tatu.

"Na mpaka nikuone tena, babu, hakuna kupanda ngazi."

"Hata kiti?"

"Hata kiti."

Hapo maji yakazidi unga, kwa sababu Babu Brashi alikuwa ameahidi twiga. Mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa kuwa neno lililoingia sikioni mwake halikukosa kutoka mdomoni, alikuwa anaanza chekechea muhula ujao, katika shule ileile ambayo mama yake alipika uji. Mwalimu mkuu alimpa mzee ukuta mzima wa darasa. Mzee akamwahidi mjukuu twiga wa kutoka sakafuni mpaka darini, anakula majani ya mti. Kasuku alishawatangazia watu wote, na muuza mkaa pia. Sasa mwalimu mkuu, naye ana haki yake, alisema kwamba wiki ya mwisho ya likizo ikiukuta ukuta bado mtupu, atabandika picha za karatasi.

"Nichore twiga nikiwa chini?" mzee aliuliza. "Si atakuwa mbuzi mwenye madoa!"

Alicheka, lakini jioni ile mkwe wake alimwona barazani akiosha brashi ambazo tayari zilikuwa safi. Aliziosha zote, akazipanga, akazipangua, akaziosha tena. Mama Kasuku alisimama mlangoni na mwiko mkononi, moyo ukamwuma. Akajisemea: asiyetafuna, atakunywa.

Kesho yake alitoa blenda juu ya kabati. Akaosha spinachi mara tatu, akakata tango, akatia kishada cha mnanaa, giligilani kidogo na maji ya ndimu. Blenda ikanguruma mpaka vikombe vikacheza rafuni. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha kijani kibichi kilichokolea. Akakimimina kwenye glasi ya wageni, akakipeleka kwa mikono miwili.

"Karibu, Baba. Juisi."

Mzee aliinua glasi kwenye mwanga, akafumba jicho moja. "Rangi hii naijua. Niliipaka geti la gereza. Mwanangu, unataka ninywe geti?"

"Onja tu, Baba."

"Geti halionjwi."

Siku ya pili akabuni hila. Alidhani tatizo ni kijani chenyewe, basi akifiche. Akatia kipande kikubwa cha kiazi chekundu cha saladi, kile kinachochafua vidole. Blenda iliponyamaza alifunua kifuniko, akakifunika tena upesi kana kwamba ameona kitu cha aibu. Lakini Kasuku alikuwa ameshachungulia.

"Babu! Mama amesaga matope!"

Mzee alikuja mwenyewe jikoni. Alitazama, akacheka mpaka akashika kizingiti. "Nyekundu ndani ya kijani! Nani alikufundisha? Nyekundu na kijani ni mawifi waliogombana, ukiwaweka chumba kimoja wanazaa tope. Ukitaka kijani kichangamke, kipe njano. Njano, mwanangu! Kijani kinaishi kwa njano."

Akarudi barazani anafuta machozi ya kicheko. Mama Kasuku alibaki na jagi lake la tope. Nusu alitaka kulia, nusu alitaka kumrushia mzee ndimu. Siku zilikuwa zinakwenda. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini, na kila akipiga simu aliuliza swali moja: "Mzee anakula?" Alijibu "Tunajaribu," akimaanisha yeye peke yake.

Lakini neno la mzee lilimganda. Kijani kinaishi kwa njano. Mtu hafundishwi na fundi wa miaka arobaini halafu akapuuza.

Jumamosi akanunua nanasi lililoiva mpaka likanukia mtaani, na embe moja laini. Akapunguza giligilani, akaongeza mnanaa, akakwangua tangawizi kidogo sana. Safari hii blenda ilipotulia hakuamini macho yake: kijani cha jani lililozaliwa asubuhi hiyohiyo. Glasi ya wageni ilikuwa imevunjika, mkono wa Kasuku ukihusika, kwa hiyo akamimina kwenye chupa ya jamu iliyokuwa imeoshwa na kuanikwa dirishani. Akaibeba mpaka barazani, akaiweka mezani. Kabla hajafungua mdomo, matone ya mvua yakagonga bati.

"Nguo zangu!"

Akakimbilia uani.

Jambo ambalo hakulifikiria ni hili: katika nyumba ile chupa za jamu zilikuwa za Babu Brashi. Ndani yake alichanganyia rangi za majaribio. Na siku hiyo mzee alikuwa mezani anajaribu kumchora twiga wake kwenye kipande cha plaiwudi, walau asisahau shingo inakopindia. Mkononi alikuwa na brashi mpya nyembamba aliyoiweka kwa ajili ya kope za twiga, haijawahi kugusa rangi. Akageuka, akaona chupa ya kijani kizuri ajabu. Hakujiuliza imetoka wapi. Fundi akiona rangi nzuri haulizi kabila lake.

Mama Kasuku alikuwa nyuma ya shuka kwenye kamba alipomwona anachovya.

Alitaka kupiga kelele. Mzee alipaka jani moja, akapaka la pili. Nywele za brashi zikatawanyika. Naye, kama alivyozoea tangu ujana, tabia ambayo marehemu mkewe aliipigia kelele mpaka akachoka, akaipeleka brashi mdomoni aichonge ncha kwa midomo.

Akasimama. Alisimama kama mtu aliyeitwa jina na asiyemjua. Akaitoa brashi, akaitazama. Akairudisha mdomoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akachovya tena, na safari hii hata hakuusogelea ubao. Mwisho akaiweka brashi chini, akanyanyua chupa kwa mikono miwili na kupiga mafunda matatu marefu.

Mama Kasuku aliuma kibanio cha nguo ili asicheke. Shuka lilitikisika, mvua ikamlowesha, nguo zote zikaloa upya, na hakujali. Lakini hakutoka. Alimjua baba mkwe wake: ukimkamata, ataapa na kuacha. Mzee wa namna ile hushindwa vizuri akiwa peke yake.

Alipoingia na furushi la nguo mbichi, chupa ilikuwa imebaki nusu.

"Ile rangi," mzee alisema bila kumtazama, "ina njano ya kutosha. Ila nyepesi. Haishiki ubao."

"Nichanganye nyingine kesho, Baba?"

"Changanya. Kwa majaribio."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi, baada ya vidonge, chupa iliwekwa mezani, na kila adhuhuri ilikuwa tupu na imesuuzwa. Siku moja nanasi lilikosekana, akatia embe tupu. Mzee akasema rangi ya leo imepwaya. Siku nyingine mnanaa ulizidi, akasema ina baridi. Mama Kasuku aliitikia "Ndiyo, Baba" kama mwanafunzi wa rangi. Brashi nayo aliichemshia maji kila jioni, maana hila ni hila, usafi ni usafi.

Kasuku ndiye aliyekaribia kuharibu. Siku ya nne alirudi mbio kutoka barazani: "Mama, twiga wa babu ana sisimizi!" Kweli, mstari mrefu wa sisimizi ulikuwa umepanda ubao, unakula yale majani mawili ya kijani.

"Babu, kwa nini wanakula rangi?"

Mzee alikohoa. "Wamedanganyika. Nimechora vizuri mno."

Wiki ya tatu ilipotimia walirudi zahanati. Daktari alisoma karatasi, akaisoma tena, akasema damu imepanda vizuri, vidonge viendelee na chakula kiendelee hivyohivyo. "Ngazi ruksa, babu, ila mtu aishike chini. Umekula nini?"

"Vidonge," mzee alijibu. Mkwe wake akatazama dari.

Jumatatu, wiki ya mwisho ya likizo haijafika bado, walikuwa darasani. Mama Kasuku alishika ngazi, Kasuku akashika mguu mmoja wa ngazi kwa ukali wa askari, na mzee akapanda: kipandio cha nne, cha tano, cha sita. Shingo ya twiga ikapanda naye mpaka darini. Mwalimu mkuu aliingia wakati wa kope, akasimama mdomo wazi.

"Mwanangu," mzee aliita kutoka juu, "nipe rangi yangu."

Akapokea chupa, akaigugumia yote.

"Mzee!" Mwalimu mkuu akapiga yowe, funguo zikamwanguka. "Hiyo ni rangi! Jamani, amekunywa rangi!"

"Ya kunywa," mzee alisema, akajifuta mdomo. "Ile ya ukutani ipo kwenye kopo."

Kasuku alirukaruka. "Ni majani! Babu anakula majani! Kama twiga!"

Mama Kasuku alikaza mikono kwenye ngazi, asijue aangalie wapi. Mzee alimtazama kutoka kule juu, nyusi nyeupe zikapanda.

"Ulidhani sijui?" alisema. "Siku ile mvua inanyesha, shuka lako lilikuwa linacheka kuliko wewe."

"Sasa mbona ulinyamaza, Baba?"

"Ningesema, ungeacha kuniletea kwenye chupa. Mimi kwenye glasi sinywi." Akamrudishia chupa tupu, akageukia jicho la twiga. "Kesho uongeze njano kidogo."