Kioo Kisichoonekana

Msafisha vioo wa jengo lile alikuwa na majivuno, na tusimwonee: alistahili. Ukuta wote wa mbele wa ofisi ulikuwa wa kioo, wa nyuma vilevile, na alivifuta mpaka mtu aliyesimama barabarani aliiona miti ya bustani ya nyuma kana kwamba hapakuwa na jengo katikati. Wenzake walimwita Almasi. Siku moja mgeni mwenye suti alikuja mbiombio, simu sikioni, akakivamia kioo kwa uso. Pua ikamvimba kama nyanya. Almasi alicheka chinichini mpaka mbavu zikamuuma, maana kwake ile ilikuwa sifa. Meneja hakucheka. Siku ileile utepe mwekundu ulibandikwa mlangoni, usawa wa macho ya mtu.

Ndege nao walikuwa wakigonga. Kila mtu alijua, na hakuna aliyelisema isipokuwa shangazi yake Almasi, mfagiaji wa jengo, ambaye ndiye aliyemwombea kazi. Kila asubuhi aliwaokota chini ya ukuta kabla wenye ofisi zao hawajafika.

"Mwanangu, hivi vioo vyako vinaua," alimwambia.

"Shangazi, mimi nafuta tu. Kwani ndege hana macho?"

"Anayo. Anaona miti."

"Basi azunguke! Anga lote lile, njia aione hapa kwangu tu?"

Shangazi akatikisa kichwa, akaendelea kufagia. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio la mtu anayesifiwa ni gumu zaidi.

Asubuhi moja Almasi alikuwa juu ya ngazi yake aliposikia kishindo kidogo. Ndege mwenye kifua cha manjano alianguka karibu na mlango. Wakati huohuo gari la meneja lilikuwa linaingia getini, na nyuma yake magari ya wageni. Almasi akashuka haraka, akamwokota ndege kwa kitambaa, akamtumbukiza kwenye pipa la karatasi, akafunika. Alihisi joto kupitia kile kitambaa. Na tuseme ukweli, alihisi pia kitu kikipapatika. Akajiambia ni mkono wake mwenyewe unaotetemeka kwa haraka. Kisha akafuta alama iliyobaki kwenye kioo, akawafungulia wageni mlango huku akitabasamu.

Mchana shangazi alikwenda kumwaga lile pipa.

"Njoo," aliita, kwa sauti ambayo Almasi hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mtoto na kuvunja kitu cha watu.

Mfuniko wa pipa ulikuwa na ufa pembeni, na mwanga kidogo ulipita hapo. Ndege alikuwa amepanda juu ya karatasi mpaka kwenye ule ufa, akafia hapo, mdomo wake umeuelekea. Karatasi zilizokuwa chini yake zilikuwa zimechanwachanwa kwa kucha.

"Alikuwa hai," shangazi alisema. Hakuwa anauliza.

Almasi alitaka kusema hakujua. Lakini alijua.

"Mgeni alivimba pua tu, mwanangu. Pua! Utepe ukabandikwa siku ileile. Hawa nimewaokota tangu jengo lifunguliwe, na wewe, damu yangu, unanicheka."

Almasi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Aliionea haya zaidi mikono yake, akatamani kuificha, lakini mtu ataificha wapi mikono anayoifanyia kazi? Alimzika ndege bustanini, shangazi akiwa amesimama kando bila kumsaidia.

Aliporudi, akachukua ngazi na ndoo. Akachovya vidole kwenye sabuni nzito, akaanza kuchora mistari kwenye kioo, toka juu mpaka chini, mmoja karibu na mwingine, ukuta wote wa mbele. Ilipokauka ikawa myeupe isiyopendeza hata kidogo.

"Almasi, leo umelewa?" wenzake walimtania.

Meneja akatoka nje. "Nani kachafua kioo?"

"Mimi, bosi."

"Wewe? Hebu kifute sasa hivi."

"Ndege wanagonga, bosi, wanakufa. Leo mmoja nimemtupa kwenye pipa mwenyewe, akiwa hai."

Alisema hayo mbele ya wote. Meneja aliinyooshea kidole ile mistari.

"Kesho nikikuta kioo kiko hivi, ndoo nampa mwingine."

"Mpe, bosi. Ila naye umwambie habari za ndege."

Meneja akaingia ndani. Almasi akabaki pale chini na shangazi yake. Jua lilipoanza kulegea, ndege mmoja akatokea upande wa barabara, akashuka moja kwa moja kuelekea ile miti ya nyuma, kama walivyofanya wenzake wote. Almasi akafumba macho. Hakusikia kishindo. Alipoyafumbua, ndege alikuwa amekwisha geuka, anapanda, anapita juu ya paa.

"Umeona?" shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika.

Almasi alikuwa anaitazama ndoo iliyokuwa miguuni pake. Miaka yote ile, sabuni ilikuwa humohumo.