Harufu ya Mchaichai Zizini

Mimi simwamini mtu anayehamia kwangu na sufuria yake mwenyewe. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndoa ilipomshinda alikuja na begi moja na sufuria kubwa yenye mrija wa shaba, ya kuchemshia majani ya mchaichai na karafuu atoe mafuta. Akasema mafuta hayo yanafukuza kupe, tuachane na ile dawa kali ya kuogeshea ng'ombe. Haya! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mimi nilikuwa mzima wa afya, sikujua naponywa nini.

Ng'ombe wetu ni mmoja, tunamwita Madamu kwa vile anatembea kama mwalimu mkuu. Ndama wake wa kwanza aliuawa na ndigana, homa inayoletwa na kupe, nami nililia kama nimefiwa na mtu. Sasa alikuwa na mimba nyingine. Nimwachie wifi mimba ile, na vichupa vyake? Thubutu! Kila alipompaka nilikuwa nyuma yake. Akidondoshea matone machache kwenye mafuta ya kupikia, nachungulia. Akinitabasamia, wasiwasi unazidi. Mume wangu alikuwa anacheka tu: "Mnampaka ng'ombe viungo vya chai!"

Kupe walipungua kweli, na hilo nalo likanitia shaka. Nikajiambia, huyu anachanganya na dawa ya dukani kwa siri.

Madamu alizaa alfajiri, mimi nimelala. Mume wangu, aliyekuwa akimwangalia, alisema alitoka kidogo tu kuchemsha maji. Nilipofika zizini nikakuta ndama jike, mzuri jamani, anatetemeka, na mama yake anampiga mateke. Kila akisogelea chuchu, teke. Na ndama asipopata dang'a, yale maziwa ya kwanza, mapema, hana maisha. Nikainama nimshike. Mchaichai! Mwili mzima unanuka mchaichai na karafuu.

"Wifi!" Nadhani hata majirani waliamka.

Alikuja mbio, khanga haijakaa sawa. Akamnusa ndama, uso ukambadilika.

"Ndama mchanga hapakwi," akasema. "Mama anamjua mwanawe kwa harufu. Huyu kwake ni mgeni."

"Ahaa! Kumbe unajua! Ulijua, ndiyo maana ukafanya. Nyumba yako imevunjika, sasa unataka na yangu ivunjike. Mchawi mkubwa wewe!"

Neno lilinitoka, na lilikuwa tamu mdomoni, nisiseme uongo.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, anatazama chini. Wifi alimkazia macho kaka yake kwa muda. Nikangoja ajitetee. Akasema tu, "Lete maji ya moto na sabuni. Tutagombana ndama akishashiba."

Mimi nikamshika ndama, yeye akasugua, huku navilinda vidole vyake kama askari. Tukamsuuza, tukamkausha kwa gunia. Kisha wifi akachukua kondo la nyuma, bado lina joto, akampaka ndama kuanzia pua hadi mkia, mikono yake yote damu. Nikasema moyoni, anajikosha huyu.

Tukamsogeza. Madamu akanusa. Akanusa tena. Ulimi ukatoka, akaanza kumlamba mgongoni, na ndama akapapasapapasa mpaka akaipata chuchu. Nililia, wala sioni haya kusema.

Mume wangu kwa furaha akaingia, akanyoosha mkono amshike Madamu shingoni. Madamu akaunusa ule mkono, akakoroma, akamsukuma kwa kichwa hadi ukutani.

Nikamfuata, nikaukamata mkono wake, nikaupeleka puani kwangu. Ulikuwa unanuka kuliko ndama.

"Niliogopa kupe," akasema. "Niliogopa tutampoteza na huyu. Nikammiminia kichupa kizima."

"Si ulikuwa unacheka wewe?"

"Nilikuwa nacheka."

"Na nilipomwita dada yako mchawi?"

Akaufuta mkono kwenye suruali. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

"Mwache, wifi," akasema dada yake. "Nilijua tangu nilipomnusa ndama. Mafuta yangu ni matone, na yule alikuwa amelowa. Wewe umenichungulia kila siku, kipimo unakijua. Aliyebaki ni mmoja."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniamini?"

Ndama alikuwa ananyonya kwa kelele, povu limemjaa mdomoni.

"Nisingekuamini," nikasema.

"Basi," akasema wifi, akaenda kunawa mikono.