Chai ya Shifu Guo

Usiku wa jana niliota nimeketi mezani pangu, hapa Morogoro, nikiandika sura ya mwisho ya riwaya yangu, na shujaa wangu akagoma kupigana.

Riwaya yenyewe ni ya kung fu ya miaka mia ijayo: jiji la Kichina lenye maghorofa yanayotoboa mawingu, watu wenye nyaya shingoni na mikono ya chuma. Naichapisha mwenyewe mtandaoni, kwa kuwa wachapishaji wamenijibu kwa ukimya. Nimeshawatangazia ndugu, majirani na msikiti mzima kwamba inatoka Ijumaa. Isipotoka, sijui nitaswali wapi.

"Sipigani," anasema Xiulan kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Ni binti mwenye uti wa mgongo wa chuma. Nimemuumba mwenyewe, na ananitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Kwa nini?"

"Kamuulize mwalimu wangu."

Najaribu kubonyeza kitufe cha kuchapisha hivyo hivyo. Kitufe kimevaa sare ya mgambo. Kinasema hakibonyezeki mpaka pambano liishe, na pambano haliishi mpaka lianze. Kisha kinaniomba kitambulisho.

Sasa chumba hakipo. Niko juu ya paa katika jiji langu, mvua inanyesha, nimevaa msuli na ndala. Katika hadithi hizi mabingwa hukimbia juu ya vigae bila kuvivunja. Mimi navunja kila ninachokanyaga, na kila kigae kikivunjika kinalia, "Sana!"

"Ni zile 'sana' zako," kigae kimoja kinanieleza kwa upole. "Hodari sana, haraka sana, giza sana. Unatembea nazo zote."

Nafuta kadhaa. Napata wepesi kidogo, navuka.

Ukingoni ameketi Shifu Guo, mwalimu wa Xiulan, bibi kizee mwenye mkono mmoja wa chuma. Amemfundisha binti yule tangu sura ya kwanza.

"Shikamoo, Shifu."

"Marahaba. Yule si mwanafunzi wangu."

"Lakini umemfundisha mpaka teke la radi!"

"Kaliiba. Kwetu mwanafunzi hupiga magoti, akampa mwalimu chai kwa mikono miwili. Mwalimu akinywa, ndipo amempokea. Wewe umeweka mazimwi, umeweka roboti, umeweka taa za rangi mpaka chooni. Chai iko wapi?"

Natazama ndala zangu.

"Kwenu hata fundi bomba hupewa chai," anasema.

Aibu inanishika mpaka masikioni. Muda wote huo nimesoma habari za mapanga, nisijiulize hata mara moja watu hawa wanakaribishana vipi.

Kompyuta inanipanda mapajani. Naandika kwamba Xiulan alipiga magoti, na huyu hapa, amepiga magoti kando yangu. Naandika kikombe, anakishika kwa mikono miwili. Naandika chai. Lakini mkono umezoea ya nyumbani, inatoka ya maziwa, tangawizi na sukari ya kusimamisha kijiko.

Shifu Guo ananusa. "Hii chai au uji?"

"Ni ya Morogoro, Shifu."

Xiulan anamsogezea kikombe. Mwalimu asipokunywa, binti atabaki mwizi milele, nami Ijumaa nitaswalia chumbani. Naogopa kwelikweli.

Mwalimu anakunywa yote. Paa limeshageuka meza yangu, naye anaigonga kwa vidole viwili vya chuma, ko, ko, maana ndivyo wanavyoshukuru chai kwao.

"Inuka, mwanangu," anamwambia Xiulan. "Nenda kapigane."

Xiulan analia. Nami nalia, ila si sana.

Nikaamshwa na mke wangu.

"Baba Shamim! Nani kagongelea misumari meza ya watu?"

Kando ya kompyuta kulikuwa na vishimo viwili vidogo, vimekaa pamoja. Nikaweka vidole vyangu viwili, vikaenea.

Nikaenda jikoni, nikachemsha chai, nikamletea kwa mikono miwili.

Akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Umevunja nini tena?"