Maji Yaliyolala

Mianzi ya bahati haipewi maji yatokayo bombani moja kwa moja. Yana dawa, na dawa hiyo hugeuza majani manjano. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni Dada aliyakinga kwenye beseni, akayaacha jikoni yalale. Jumamosi asubuhi, harufu ikishatoka, alisuuza yale mashina tisa, akafuta majani kwa kitambaa laini, moja moja, kama anayefuta masikio ya mtoto, kisha akamimina maji chomboni mwake hadi vidole viwili juu ya kokoto. Si zaidi. Yakizidi, shina huoza.

Waliomwita Dada ni wenye nyumba, ingawa alikuwa na umri wa kumzaa bosi mwenyewe.

Mwaka huo binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, na Dada aliomba ruhusa mapema, tumbo halijaonekana.

"Mwezi ujao," alisema bosi. Mwezi ulipofika alisema, "Ukienda wewe, mianzi hii nani ataiangalia? Mimi hata kitunguu kikiniona kinanyauka."

"Ni wiki mbili tu, bosi."

"Ngoja kwanza."

Dada akangoja. Subira huvuta heri, ndivyo alivyolelewa. Urefu wa kamba ya kuivutia hakuambiwa.

Ijumaa moja alipiga pasi kutwa nzima, miguu ikamvimba. Akaona yale maji yametulia beseni tele, akaitumbukiza. Kidogo tu, alijiambia, nitayamwaga nikinge mengine. Usingizi ukampitia pale pale kitini. Asubuhi miguu ilikuwa imetoa mizizi.

Bosi aliinama akaitazama. "Myekundu. Basi ni mizima. Ingekuwa myeusi ningeingiwa na wasiwasi."

Akakikokota kiti na beseni lake hadi sebuleni, karibu na dirisha, akashusha pazia jepesi kwa sababu jua kali huunguza. Mikono haikuwa na tatizo, kwa hiyo nguo za kukunja na mboga za kuchambua zililetwa alipo.

"Sasa hata safari yenyewe huiwezi," bosi alisema, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Maskini."

Mtoto akazaliwa. Dada alisikia kilio chake kwenye simu, akasema, "Mapafu hayo ni ya kwetu." Siku hiyo jani la kwanza lilimchipuka kwenye kifundo cha mguu.

Baada ya miezi miwili binti yake alipiga hodi, mtoto mgongoni, mvua imemkuta njiani.

"Karibu, karibu!" alisema bosi. "Umefanana na mama yako hadi nyayo. Si ukae kidogo utusaidie? Kufagia na kupiga deki tu, mama yako hawezi kuinama. Wiki mbili."

Binti aliona sakafu inavyong'aa, akainama kufungua kamba za viatu.

"Usivue viatu," alisema Dada.

"Vina tope, Mama."

"Pita navyo hivyo hivyo."

Akapita navyo, akamweka mtoto mapajani pa bibi yake. Dada alimhesabu vidole vya mikono, kisha vya miguu, akavifunika haraka kwa kanga.

"Nikuvute, Mama? Twende nyumbani."

"Utanikata. Mizizi haivutwi."

Walikaa hivyo, binti akiwa amesimama, hadi basi la mwisho lilipokaribia. "Nenda sasa," alisema Dada. Binti akambusu, akambeba mtoto, akaenda.

Bosi alizitazama alama za tope kutoka mlangoni hadi dirishani. "Nawe Dada! Sakafu yote hii?"

"Samahani, bosi."

Jumatatu alikuja msichana mpya wa kazi, na mfuko mmoja mkononi. Alisimama mlangoni akiangalia vigae alivyovipangusa bosi, visivyo na doa.

"Mwanangu, usivue viatu," aliita Dada kutoka dirishani.

"Shikamoo, Mama," alijibu msichana kwa adabu, akivua cha pili.