Karatasi ya Volontaire

Mimi Saliha, muuguzi mkuu wa chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, kliniki yetu ya Ngagara, nina mdomo. Sifichi. Wiki ile niliutumia wote na haukunisaidia kitu.

Mafua mapya yaliyokuwa yanazunguka dunia yalikuwa yameshafika Bujumbura. Daktari Hyacinthe akabandika karatasi mlangoni: kila anayeingia chumba chetu ajiandikishe na achanjwe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Akikosekana hata mmoja, chumba kinafungwa, watoto wanahamishwa. Na tulikuwa na binti wa mama mmoja, Rosette, kilo moja na gramu mia mbili, anapumua kwa mashine. Kumpakia huyo kwenye ambulansi ni kumuua, nasema wazi.

Mpaka Alhamisi jioni karatasi ilikuwa nyeupe pe.

Niliwafokea wenzangu. "Munachoma watu sindano kutwa nzima, leo munaogopa yenu? Aibu hamuna?"

Amissi akasema amefunga, ni Alhamisi ya sunna. Adélaïde akasema chanjo imetengenezwa mbiombio. Mwanvua akasema analalia mkono wa kushoto. Jamani, visingizio! Nilirudi nyumbani Cibitoke nikiwasema njia nzima.

Ijumaa asubuhi nikaamua kuandika mimi wa kwanza, niwaaibishe. Nikashika kalamu. Juu ya karatasi daktari alikuwa ameandika kwa Kifaransa, herufi kubwa: LISTE DES VOLONTAIRES. Mkono ukagoma.

Wallahi ukagoma. Pale kwetu volontaire ni mtu anayefanya kazi bila mkataba, anangoja miaka aajiriwe, hata chai ya saa nne anapewa wa mwisho. Mimi nilikuwa volontaire miaka mitatu, nikaapa jina langu halitaandikwa tena chini ya neno lile. Daktari amesomea nje. Yeye alimaanisha mtu anayekubali kwa hiari yake. Sisi tulisoma kwamba tunarudishwa nyuma.

Nikamgeukia Amissi. "Sema kweli. Ni sindano ama ni hii neno?"

Akainama. "Ni neno, mama Saliha. Mi mukataba nimepata mwaka jana tu. Nikiandika pale, kesho watasema nimekubali mwenyewe kurudi volontaire."

"Na we, Adélaïde?"

"Neno. Na sindano kidogo."

Nikacheka mpaka machozi, kisha nikaona haya. Wiki nzima nimewatukana watu kwa woga ambao hata mimi ninao. Nikamwambia Adélaïde nilichokijua: mkono utauma, labda na homa ya siku moja, lakini mafua yetu yakimfikia mtoto wa Rosette hapati nafasi ya kuugua mara mbili. Nikaichana karatasi. Nikabandika nyingine: WAFANYAKAZI WA CHUMBA CHA WATOTO. Jina langu likakaa juu, na wenzangu wakapanga mstari kuandika na kuchomwa, hata Mwanvua na mkono wake.

Akabaki Twahiru, anayepiga deki na kusafisha mashine. Volontaire wa miaka minne. Alisimama kando na ufagio wake.

"We, kuja uandike! Zimebaki dakika kumi!"

"Apana, mama. Mi siko mufanyakazi. Nikiandika hapo nitasema uongo."

Nikamnyooshea kalamu, akarudisha mikono nyuma. Rosette, aliyekaa karibu na mtoto wake, akaanza kulia. Hapo daktari akaingia akitazama saa. Nikamweleza yote, na sauti sikuishusha hata kidogo. Akaangalia karatasi yake iliyochanika ndani ya ndoo.

"Sikujua," akasema. Kisha akamuuliza Twahiru, "Mashine ya huyu mutoto, nani anasafisha?"

"Ni mi, docteur. Kila asubuhi."

Daktari akachukua kalamu, akaandika kwa mkono wake: Twahiru, mfanyakazi. Akatoa muhuri mfukoni, akaugonga juu ya jina. Kwetu muhuri haufutwi na mtu.

Saa sita kasoro dakika mbili. Twahiru akakunja shati, nikamchoma mwenyewe. Rosette akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia dirishani. Chumba chetu hakifungwi! Nikamwona Twahiru anatazama jina lake chini ya muhuri, machozi yanamtiririka.

"Imeuma sana?" nikamuuliza.

"Apana, mama," akasema, akikunja mkono wa pili wa shati. "Choma na huu."